Wageni Elfu Nne na Tisini na Sita

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mlangoni mwa ukumbi mmoja hapa Njombe, nimevaa sweta langu la kijani na viatu vya mtu nisiyemjua, nakaribisha wageni wa mkutano wa kompyuta.

Mkutano wenyewe upo kweli. Unafunguliwa leo saa tatu. Wanakutana watu wa nchi nane wanaotumia kompyuta moja kubwa mno, iliyofungwa huko mbali, na kila mmoja huitumia kwa zamu akiwa kwao. Mjukuu wangu Sifuni ni mmoja wao. Aliwahi kunieleza kwamba si kompyuta moja hasa. Ni vichwa elfu nne na tisini na sita vilivyopangwa kwenye makabati. Ukiipa kazi, vichwa vinagawana, kama sisi tunavyogawana matuta siku ya kumlimia mwenzetu.

Kazi ya Sifuni ni ya sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi. Mwaka jana sakitu ilishuka bondeni alfajiri moja, ikaunguza viazi vyote vya vinyungu, yaani bustani zetu za kiangazi, tukabaki tunatazama majani meusi. Sifuni anataka kompyuta imwambie ni alfajiri ipi, ili watu wafunike viazi mapema. Amesubiri foleni miezi mitatu. Kila kazi hupewa muda wake, na muda ukiisha kabla kazi haijakamilika, inakatwa, unarudi mwisho wa foleni. Ya kwake imeshakatwa mara mbili. Jana jioni aliambiwa zamu yake ya tatu itafika alfajiri.

"Ikikatwa na hii, Bibi, mpaka nipate zamu nyingine sakitu itakuwa imeshapita," alisema, na ugali akaugusa tu. Nami nikaenda kulala.

Sasa nipo mlangoni. Ni asubuhi, jua limetoka, lakini baridi haijapata habari hizo. Shingoni nimevalishwa kitambulisho. Nakigeuza nisome jina langu. Kimeandikwa MKARIBISHAJI, na chini ya maandishi kuna mdomo.

"Usinigeuzegeuze," kinasema. "Napata kizunguzungu."

"Samahani."

"Haya, simama vizuri. Kanuni ya kumi na saba: mkutano haufunguliwi mpaka kila mhudhuriaji aliyemo kwenye orodha akaribishwe, naye aitikie. Umepewa dakika sitini."

"Na usipofunguliwa?"

"Hakuna kazi ya mtu itakayotoka."

Nilitazama kando ya mlango. Pale alikuwa ameketi mwanamume mwembamba na cherehani, tepu ya kupimia shingoni, mkasi mapajani. Cherehani ilikuwa inatoa kitambaa cheupe polepole, na Sifuni alikuwa amekishika kwa mikono miwili kisiguse chini. Kwenye kitambaa nikaona bonde letu lote, vilima vyake na mto wake, limechorwa kwa uzi. Upande wa chini ulikuwa bado mtupu.

"Hujambo, baba?" nikamsalimu yule fundi.

"Sijambo, Bibi. Shikamoo. Mimi naitwa Kikomo. Ikifika dakika ya sitini nakata."

"Hata kama kitambaa hakijaisha?"

"Hasa kama hakijaisha."

Nikaona anaupaka mkasi mafuta kwa kidole, taratibu. Nikamuuliza mafuta ya nini.

"Usikwaruze," akasema. "Mtu akikatiwa kazi yake, angalau akatiwe vizuri."

Nikajua huyu ni mtu mwema aliyepewa kazi mbaya. Nikamletea mto wa kukalia.

Akatokea Bwana Nolasko, mwenyekiti wa kamati, anasukuma toroli. Ndani ya toroli mlikuwa na hotuba yake ya ufunguzi, kurasa arobaini, ameifunika turubai isilowe umande.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje?"

"Salama. Bibi, nakuomba tuwahi. Hii hotuba ikikaa muda mrefu inaongezeka."

Kweli, turubai lilikuwa limeanza kuinuka kama unga wa maandazi.

Wakaja watu. Nilidhani hao ndio wageni wangu. Kila mmoja alikuwa amebeba kazi yake mkononi. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mrefu, Okiror, kutoka Soroti, na kwapani ana kitu kilichokunjwa kinachodondosha maji.

"Karibu sana, baba. Umebeba nini?"

"Ziwa."

"Lote?"

"Robo tu, Bibi. Lililobaki lipo kwenye foleni."

Nikamwambia aliweke kivulini lisikauke. Akashukuru, akasogea pembeni akampisha mama mmoja wa Lilongwe aliyekuwa amefunga upepo ndani ya begi na anaukalia ili usitoke. Nikamkaribisha, nikamuuliza safari. Akasema safari ilikuwa nzuri ila begi lilikuwa linamwinua kila kwenye mteremko.

Nikawakaribisha wote hivyo, kama mia mbili. Nilipomaliza nikavuta pumzi.

"Umeanza lini?" kitambulisho kikaniuliza.

"Si nimemaliza?"

"Hao si wahudhuriaji, hao ni wasindikizaji, na dakika zao hazihesabiwi. Wahudhuriaji ndio wale wanaopanda kilima."

Natazama barabarani. Makabati yanakuja. Yanatembea kwa miguu, safu kwa safu, meusi, marefu, yanahema. Majani ya pembeni yanainama kwa joto lao. Kabati la mbele likafika, mlango wake ukafunguka, na vichwa vikaanza kushuka kimoja kimoja, kila kimoja cha ukubwa wa droo ya kabati la nguo, kila kimoja na taa ndogo usoni isiyowaka.

Kompyuta kubwa ilikuwa imekuja yenyewe.

"Poleni na safari," nikakiambia kichwa cha kwanza. "Imekuwaje mkaja wenyewe? Si mngeletewa habari huko huko?"

"Kila mwaka watu wanakutana kutuzungumzia," kikasema. "Hatujawahi kualikwa. Halafu tumesikia Njombe kuna baridi."

Nikaona aibu kwa niaba ya wote. Nikakishika mkono, maana kilikuwa na waya unaofanana na mkono.

"Kamwene."

"Kamwene," kikajibu. Walikuwa wamejifunza salamu yetu njiani, na hilo lilinigusa sana.

"Mmeamkaje?"

"Hatulali."

"Poleni. Nyumbani hawajambo?"

"Nyumbani ni nyuzi joto sitini na nane."

"Watoto?"

"Watoto hatuna. Tuna nakala."

"Nao wazima?"

"Wote wanafanana."

"Mungu ni mwema. Na viazi?"

"Viazi hatujawahi kuulizwa," kikasema. "Vizuri. Ahsante kwa kuuliza viazi."

Taa ya usoni mwake ikawaka kijani. Kikapita ndani. Kikomo akavuta tepu yake, akasema bila kuinua macho, "Dakika nne."

Nikamsalimia wa pili. Dakika nne. Bwana Nolasko akaja karibu, amekunja uso. Alikuwa amepiga hesabu kwenye kiganja.

"Bibi, dakika nne mara elfu nne na tisini na sita ni siku kumi na moja na ushee. Tuna dakika hamsini na mbili. Fupisha."

"Nifupishe wapi?"

"Toa viazi."

"Siwezi kumpokea mtu Njombe nisimuulize viazi."

"Basi sema tu 'mambo'."

"Baba Nolasko, mgeni ametembea siku nzima kwa miguu, tena miguu si yake. Nimwambie 'mambo'?"

Akakubali kwamba haipendezi. Akaninyooshea kipaza sauti. "Basi sema humu, 'karibuni nyote', tumalize."

Nikakichukua, nikasema, "Karibuni nyote."

Kipaza sauti kikakohoa. "Nyote ni nani?" kikauliza. "Nimepitia orodha mara mbili. Sina mgeni wa jina hilo." Kikajizima.

Nilipoinua macho ukumbi haukuwepo. Tulikuwa bondeni, katikati ya vinyungu, na makabati yamepiga mstari juu ya matuta, yakikanyaga kwa uangalifu yasiumize viazi. Cherehani ya Kikomo ilikuwa imewekwa kwenye ukingo wa mfereji. Hakuna aliyeshangaa. Okiror alikuwa anatafuta kivuli kipya cha ziwa lake.

Sifuni alinitazama. Namjua tangu ana siku mbili. Anapobana midomo vile ni kwamba analia kwa ndani ili asinisumbue. Kitambaa kilikuwa kimefika kwenye mto tu.

Nikamgeukia mgeni wa tatu, nikamsalimia yote kama inavyotakiwa, mpaka viazi. Moyo wangu ulikuwa mzito, lakini yeye hakuwa na kosa. Akaitikia, taa ikawaka. Alipokuwa anaondoka nikamwambia, kwa mazoea tu, kama ninavyomwambia kila anayetoka mlangoni kwangu:

"Haya, baba. Wasalimie wenzako."

Akasimama.

"Wote?" akauliza.

"Utakaowakuta."

Akageuka, akamwendea jirani yake. Nikamsikia anasema, "Kamwene. Salamu zako zinatoka kwa Bibi. Mmeamkaje? Nyumbani hawajambo? Nakala? Na viazi?" Yule akajibu vyote, taa yake ikawaka. Kisha naye akasema, "Nami nimsalimie nani?"

Wale wawili niliokuwa nimewasalimia mwanzo wakasikia, nao wakaja mbio kudai salamu za kupeleka. Nikawapa.

Watatu wakawa sita. Sita wakawa kumi na wawili. Bonde likaanza kuvuma. Kila mmoja anamsalimia mwenzake na kumuuliza viazi, hakuna anayeruka neno. Kumi na wawili wakawa ishirini na wanne, na taa za kijani zikawa zinapanda matuta kama moto wa majani, ila ni wa baridi.

"Bibi," Bwana Nolasko akasema, "hii ndiyo njia yenyewe inayofundishwa kwenye vitabu vya kompyuta. Umeisomea wapi?"

"Hujawahi kutumwa salamu wewe?"

Akafikiri. "Nimetumwa nyingi," akasema polepole. "Sikuzifikisha." Akaondoka pale akatoa simu mfukoni, akampigia mtu aliyemwita shangazi, na kwa muda mrefu nikamsikia anasema, "Naam, naam, zimechelewa, nisamehe, za mwaka juzi."

Mimi nikaenda kusimama na Sifuni. Kitambaa kilikuwa kinatoka haraka sasa, bonde linajaa, kila mtu kinyungu chake. Niliona mpaka kibanda changu cha kuku.

"Dakika hamsini na sita," Kikomo akasema.

Kukawa kimya. Bonde lote lilikuwa la kijani. Cherehani ikasimama.

"Mbona imesimama?" Sifuni akauliza.

Kitambulisho kikajitoa kifuani kwangu ili kione vizuri. "Walioitikia ni elfu nne na tisini na watano," kikasema. "Amebaki mmoja. Namba elfu tatu na sabini na saba. Ana alama ya 'hafanyi kazi'."

"Yuko wapi?"

"Hakuna anayejua. Lakini shida ni ndogo. Nikimfuta kwenye orodha, kanuni imetimia. Mkutano unafunguka sasa hivi, kazi inatoka. Toa neno tu, mkaribishaji."

Sitawaficha. Nilitaka kusema ndiyo. Nilitazama kipande cheupe kilichobaki mwisho wa kitambaa, kidogo kama leso, nikatazama midomo ya mjukuu wangu. Kwenye kipande kile ndipo ilipotakiwa kuandikwa siku ya sakitu. Dakika nne. Salamu moja.

"Sifuni," nikasema, "kazi ni yako. Sema wewe."

"Kumtafuta tu kutamaliza muda, Bibi."

"Najua."

"Ulipolazwa mwaka ule," akasema, "yule muuguzi alizoea kupita kitanda chako kwa sababu ulikuwa hujibu. Nilimgombeza sana." Kisha akanisukuma begani. "Nenda. Mimi nashika kitambaa."

Nikaenda. Viatu vya yule mtu vikajua njia. Vilinichukua moja kwa moja nyuma ya makabati, na nyuma ya makabati palikuwa ni jikoni kwangu, kwenye kuni. Pale kwenye kuni, ameegemea ukuta, kichwa namba elfu tatu na sabini na saba. Vumbi limemjaa. Wenzake walimbeba njia nzima wakamweka hapo kwa adabu, juu ya gunia, wakadhani amelala.

"Kamwene, baba," nikasema.

Kimya.

"Kamwene. Umeamkaje?"

Sauti ikatoka mbali, ndani ya vumbi. "Salama tu, Bibi," akasema. "Ila nimekufa tangu Machi."

"Pole sana."

"Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa. Nilimwekea kiganja usoni, pale penye wavu wa kupitishia hewa, naye alikuwa wa moto kama pasi. Nikakiacha kiganja palepale, maana mgonjwa ukimgusa na kuondoa mkono haraka anajua unaogopa. Kwa mkono mwingine nikampangusa vumbi na upindo wa sketi.

"Nyumbani hawajambo?" nikauliza.

"Wananipita."

"Hawakujua. Na nakala?"

"Sikuwahi kuwa nayo. Niko peke yangu."

Kutoka bondeni nikamsikia Kikomo, sauti yake ya upole inafika mpaka jikoni: "Dakika hamsini na tisa."

"Na viazi?" nikamuuliza.

Nilihesabu mapigo ya moyo wangu, kisha nikaacha kuhesabu, maana si vizuri kumhesabia mgonjwa.

"Viazi vipo hatarini, Bibi," akasema. "Mimi ndiye niliyepewa kipande cha bonde lenu. Nimekishika tangu Machi, hakuna aliyekuja kukichukua. Ni Alhamisi. Alhamisi kabla jua halijatoka."

Taa yake ikawaka. Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwa ya kijani.

Kitambulisho kikapiga kelele, "Ameitikia! Si vizuri sana, lakini kanuni haisemi aitikie vizuri!" Cherehani ikanguruma mara moja. Nikageuka, na jikoni pakawa bondeni tena, na Kikomo ameinua mkasi. Akaushusha. Ukapita kimya kabisa, kwa yale mafuta.

"Umekata kazi?" nikamuuliza.

"Nimekata uzi," akasema. "Kazi ilikuwa imeisha. Huwa sipati nafasi ya kukata uzi tu." Akafuta macho kwa tepu.

Sifuni alikuwa amejifunika kitambaa chote, bonde zima limemfunika mabegani.

Bwana Nolasko akaondoa turubai. Hotuba ilikuwa imefika kurasa mia sita. Akasimama juu ya toroli akasoma mstari wa kwanza: "Ndugu washiriki, karibuni Njombe."

Vichwa elfu nne na tisini na sita vikamjibu kwa pamoja, "Ahsante! Mmeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Feni zao zote zikazunguka kwa mpigo, upepo ukamtoka yule mama wa Lilongwe begini, kurasa zikaruka juu ya bonde, nami nikaruka nazo mpaka nikafungua macho.

Kulikuwa kumekucha. Sauti ilikuwa ya Sifuni, sebuleni.

"Bibi! Bibi, imekamilika! Haijakatwa! Ilibaki sekunde mbili!"

Nikajifunga kanga, nikaenda. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta yake ndogo na blanketi mabegani, midomo haijabanwa tena. Akanionyesha ramani ya bonde, ya bluu, na namba pembeni.

"Ni Alhamisi," akasema. "Kabla jua halijatoka. Tuna siku tatu. Nikitoka mkutanoni napita kwa mwenyekiti wa kijiji, watu waanze kukata nyasi za kufunikia."

"Mimi naanza na jirani sasa hivi," nikasema.

"Kunywa chai kwanza."

Akanimiminia. Huyu mtoto hakulala usiku kucha, na bado alikumbuka kwamba yangu ni bila sukari. Nikapokea kikombe kwa mkono wa kulia, nikakirudisha mezani haraka, kwa sababu kiganja kilinichoma.

Sifuni akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kiganja kizima kilikuwa chekundu, na juu yake kumechapwa alama za vitundu vidogo vidogo, safu kwa safu, zimenyooka kama zimepimwa kwa rula.

"Bibi, umeungulia wapi?"

"Nilikuwa namjulia hali mgonjwa," nikasema, nikachukua kikombe kwa mkono wa kushoto.